Kwenda ni Rahisi, Kurudi Je?

Ukitaka kuanzisha ubishi usioisha, nenda pale Grogan, Nairobi, kwa wauza spea, uulize: kati ya Land Rover na Land Cruiser, ipi ndiyo gari? Spana zitawekwa chini. Chai itapoa. Kila mtu ana binamu aliyewahi kukwama Chalbi.

Ubishi huo umepita miaka sabini, na mwanzo wake ni shida ya spea. Mwaka wa 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep ya jeshi iliyobaki baada ya vita, akiitumia kwenye shamba lake kisiwani Anglesey, Wales. Ilikuwa imechakaa, na spea za Marekani zilikuwa taabu kupata. Akaamua watengeneze yao. Chuma Uingereza kilikuwa cha mgao, kwa hivyo bodi ikawa ya aluminiamu. Tarehe 30 Aprili 1948, Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam.

Haikuwa na urembo wowote. Ilikuwa na chesisi nzito chini ya bodi. Ekseli zake zilikuwa pande zima, mbele na nyuma, kwa hivyo jiwe likiinua gurudumu moja, lile la upande wa pili linasukumwa chini litafute ardhi. Tena ilikuwa na gia za ziada za mwendo wa konokono: injini inazunguka kwa nguvu huku magurudumu yakienda polepole, na unateremka mawe bila kuchoma breki. Mpaka leo, anayetafuta gari la porini kutoka kiwandani huanza kuuliza hayo matatu.

Gari hili lilifika Kenya pamoja na dola. Dharura ilipotangazwa Oktoba 1952, mwananchi wa kawaida hakuwa mnunuzi wake. Aliliona likija na DO au polisi, na ilibidi aamue haraka kama atasimama au atajificha. Tunaposifu "gari la kufika popote", tukumbuke kwamba kuna waliotamani lisifike kwao.

Upande wa Japani, Vita vya Korea vilizua soko la magari ya kijeshi. Toyota ikatengeneza gari iliyoitwa BJ, na mwaka wa 1951 dereva wake wa majaribio, Ichiro Taira, akalipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Polisi wa Japani wakaagiza 289. Mwaka wa 1954 likapewa jina Land Cruiser, na Toyota haikuficha sababu: walitaka jina lisilozidiwa heshima na Land Rover.

Mtihani wa kweli ulikuja Australia. Katika ujenzi wa mabwawa ya Snowy Mountains, kazi ilikuwa ya Land Rover, na ekseli zake zilikuwa na sifa ya kukatika. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mkandarasi Leslie Thiess akaleta Land Cruiser. Huko ndiko ulikoshika ule utani: ukitaka kwenda porini chukua Land Rover, ukitaka kurudi, chukua Land Cruiser.

Waingereza wakajichimbia shimo. British Leyland, mmiliki wa Land Rover, ililemewa hadi serikali ikaichukua mwaka wa 1975. Land Rover zikaunganishwa hapa Thika, lakini kule nyumbani pesa za kuziboresha zilikuwa haba. Wajapani hawakulala. Mwaka wa 1984 wakatoa Land Cruiser 70, na baadaye wakaitia injini ya dizeli ya 1HZ: lita 4.2, silinda sita, haina tabo, haina kompyuta. Polepole tu, lakini haifi.

Kisha Somalia ikavunjika. Dadaab ikafunguliwa 1991, Kakuma 1992, na mashirika ya misaada yakaja na misururu ya Land Cruiser nyeupe. Pamoja na magari zikaja spea, madereva wakapata kazi, na mafundi wakajifunza. Siku hizi pikapu ya Land Cruiser inaunganishwa Mombasa, na polisi wakija mtaani, kuna uwezekano mkubwa wamekuja nayo. Dola ilibadilisha gari, haikubadilisha tabia.

Kwa hivyo Toyota imeshinda? Enda Maralal kwanza. Kule Samburu, Land Rover kuukuu bado zinabeba abiria, mbuzi na magunia ya unga kwenda Baragoi. Kulingana na ule utani, zingekuwa zimeshakwama zote. Zinarudi kwa sababu fundi wa hapo anaifungua kila nati akiwa amefumba macho, na ekseli ikikatika kuna nyingine kwenye gari bovu nyuma ya gereji.

Hapo ndipo matangazo yanatupoteza. Defender mpya, iliyozinduliwa 2019, inapita maji na mawe vizuri kuliko babu yake, hilo sibishi. Lakini haina chesisi ya zamani wala ekseli pande zima, na imejaa kompyuta. Sensa ikizima ukiwa North Horr, ni nani ataisoma? Ineos Grenadier imerudisha chesisi na ekseli za kizamani, lakini injini ni ya BMW. Fundi wa Loiyangalani amewahi kuifungua lini?

Ukipata pesa, au ukiwa mtu wa tenda kwenye kaunti anayeamua gari la kupeleka chanjo na akina mama wajawazito, usianzie kwenye video za kupanda miamba. Piga simu mwisho wa barabara. Muulize fundi wa huko ana spea za gari gani. Wilks mwenyewe, na Jeep yake mbovu pale shambani, alianza na swali hilohilo.