Asili ya Njia ya Msalaba na Vituo Vyake

Kila Ijumaa ya Kwaresima Wakristo Wakatoliki hukusanyika kusali Njia ya Msalaba, wakitoka kituo hata kituo, 14 kwa jumla. Wanafunzi huuliza: Je, vituo hivi viliwekwa na Mitume? Na mbona baadhi yake havimo katika Injili? Maswali haya ni ya haki, na mwalimu asiyeweza kuyajibu huenda akawatia mashaka pasipo sababu. Kwa hiyo twapenda kueleza kwa ufupi asili ya sala hii.

Tangu kale mahujaji waliofika Yerusalemu walipenda kukanyaga mahali alipopita Bwana wetu. Mwaka wa 1342 Papa Klementi VI aliwakabidhi Wafransisko ulinzi wa mahali patakatifu, nao wakawa viongozi wa mahujaji. Lakini tusidhani kwamba siku zile palikuwa na vituo kama vyetu. Padre William Wey, Mwingereza, aliyekwenda huko mwaka wa 1458 na tena mwaka wa 1462, ametaja vituo 14, na katika hivyo vitano tu ndivyo vinavyolingana na vya leo. Tena desturi ya zamani ilikuwa kuanza Kalvario na kurudi nyuma mpaka nyumba ya Pilato.

Basi utaratibu wetu ulitoka wapi? Ulitoka Ulaya, kwa watu waliobaki nyumbani. Safari ya Yerusalemu ilikuwa ndefu, yenye gharama na hatari nyingi. Maskini, wagonjwa na wazee hawakuiweza. Kwa ajili yao mifano ya njia ile ilijengwa katika miji ya kwao, wapate kuitembea kwa miguu yao wenyewe. Hesabu ya vituo haikuwa moja. Mjini Nürnberg, Adam Kraft alichonga saba. Padre Christian van Adrichem, katika kitabu kilichopigwa chapa Köln mwaka wa 1584, alipanga 12, navyo ndivyo 12 vya kwanza tulivyo navyo sisi. Wakati huo Yerusalemu ilikuwa chini ya Waturuki, na msafiri Jean Zuallart aliandika mwaka wa 1587 kwamba mahujaji walikatazwa kusimama njiani, wala kuvua kofia kwa heshima. Hivyo katika njia yenyewe watu walipita bila kusimama, na wale walio mbali ndio waliosimama wakasali. Hata baadaye Yerusalemu nayo ikaufuata mpango wa Ulaya.

Mwaka wa 1686 Papa Inosenti XI aliwaruhusu Wafransisko kuweka vituo katika makanisa yao, pamoja na rehema za mahujaji. Mwaka wa 1726 Papa Benedikto XIII aliwafungulia Wakristo wote rehema hizo. Mwaka wa 1731 Papa Klementi XII aliruhusu vituo viwekwe katika makanisa yote, akaithibitisha hesabu ya 14. Mtakatifu Leonardo wa Porto Maurizio, Mfransisko, aliweka Njia za Msalaba zaidi ya 500 kabla ya kufa kwake mwaka wa 1751. Moja aliiweka katika Koloseo ya Roma mwaka wa 1750.

Ni kweli, basi, kwamba kuanguka mara tatu na habari ya Veronika havimo katika Injili. Ni mapokeo ya uchaji wa watu. Kanisa halikuficha jambo hilo. Ijumaa Kuu ya mwaka wa 1991 Papa Yohane Paulo II alisali katika Koloseo kwa utaratibu ambao vituo vyake vyote vimetoka katika Injili, wala hakuufuta ule wa kale.

Neno lenyewe lastahili kuangaliwa. Kwa Kilatini *statio* ni kusimama. Kiswahili kimechagua kituo, litokalo katika kutua. Wapagazi wa misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji walifahamu vema maana yake: kituoni mzigo hushushwa, mabega yakapumzika. Lakini katika njia hii mwenye mzigo hakutua. Simoni wa Kirene alitwikwa msalaba, lakini safari haikukatika mpaka Kalvario. Yafaa mwalimu aeleze hivi, kwamba tunaotua ni sisi, tukautazama mzigo ambao mwingine amejitwika kwa ajili yetu.

Tena kuna faida kwa makanisa madogo ya vijijini. Wako wanaoahirisha sala hii mwaka hata mwaka, wakingoja picha nzuri kutoka mbali. Picha zafaa, lakini si sharti. Sharti la Kanisa ni misalaba 14. Na zamani sheria ilitaka iwe ya mti. Seremala wa kijiji aweza kuitengeneza kwa siku chache, kisha padre akaibariki. Sala iliyoanzishwa kwa ajili ya wasioweza kusafiri isikosekane kwa maskini kwa sababu ya picha.