Kumtafuta Mwalimu wa Somo la Serikali: Kumbukumbu ya Watu wa Rumonge na Mwambao wa Ziwa



Katika toleo hili la kumbukumbu wenzetu wameandika habari za maji, za zahanati na za mgao. Sisi tunaotoka Rumonge, Minago, Kizuka, Mugara, Nyanza-Lac na vijiji vingine vya mwambao wa Tanganyika tuliombwa kuandika juu ya shule. Tumechagua jambo moja tu: jinsi tulivyohangaika, miaka nenda miaka rudi, kumpata mtu wa kuwafundisha vijana wa madarasa ya juu ya sekondari somo la serikali, yaani katiba, bunge, mahakama, uchaguzi na madaraka ya rais. Mwalimu wa hesabu tumempata kila tulikokaa. Wa Kifaransa tumempata. Hata wa kemia amepatikana, ingawa alifundisha bila chupa wala dawa. Huyu mmoja ndiye aliyetusumbua, na sababu zake ni za zamani kuliko kambi yoyote.

Wakati wa Wabelgiji, utawala ulikuwa somo la wachache. Shule iliyojulikana kwa kazi hiyo ilikuwa Astrida, nchini Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1929 chini ya mabruda wa Kikatoliki. Huko walisomeshwa hasa wana wa machifu wa Ruanda-Urundi ili wawe makarani na watawala. Mwambao wetu ulikuwa wa wavuvi, wakulima wa michikichi na wafanyabiashara waliokuwa na ndugu Ujiji na Uvira. Wengi walikuwa Waislamu, na shule zilikuwa za misheni. Mambo ya serikali wazee wetu walijifunza kwa kulipa kodi, na mambo ya haki walijifunza kwa bashingantahe, wazee waamuzi wa kilima. Hiyo haikuwa elimu ndogo, ila haina cheti.

Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 shule ziliongezeka, na watoto wa wakulima wakaanza kufika sekondari na hata chuo kikuu. Kisha ukaja mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili waasi walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na Bururi wakaua watu wengi, hasa Watutsi. Serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima, na waliolengwa hasa ni Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 100,000 na 300,000. Wengine walichukuliwa darasani. Kwa hiyo tunapoulizwa na mgeni kwa nini watu wa rika fulani hawapo katika orodha ya walimu wetu, jibu ni hilo. Kisha ikaongezeka hofu: wapo wazazi walioamua mtoto asisome sana, kwa kuwa kusoma kumekuwa hatari.

Waliovuka kuja Tanzania walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Watoto wao walisoma shule za Tanzania kwa Kiswahili, na serikali waliyofundishwa ni ya Tanzania. Somo liliitwa Siasa, na baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 mahali pake pakachukuliwa na Uraia. Kijana wa Katumba aliweza kukueleza Azimio la Arusha la 1967 kama anayesoma dua, lakini umwulize Burundi ilipata katiba ya kwanza lini, akakutazama tu. (Hata leo, katika mitihani ya majaribio, hakosekani mwanafunzi anayechanganya Azimio la Arusha la 1967 na Mkataba wa Arusha wa 2000. Tumezoea.)

Wimbi la pili lilikuja baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993. Zikafunguliwa kambi katika Ngara, Kibondo na Kasulu; wengi wetu tunakumbuka Kanembwa, Nduta, Muyovosi na Mtabila. Safari hii iliamuliwa kwamba watoto wafuate mtaala wa Burundi, kwa Kifaransa na Kirundi, ili watakaporejea wasipotee njiani. Shule za msingi zilipata msaada mapema. Madarasa ya juu, kwa muda mrefu, yalibebwa na wakimbizi wenyewe: turubai, mbao za kukalia, na mwalimu anayelipwa kwa kikombe cha mahindi na kipande cha sabuni kutoka kwa kila mzazi.

Hapo ndipo shida ya mwalimu wa serikali ilipoonekana wazi. Wafanyakazi wa mashirika tunawaomba wasome sehemu hii kwa makini, maana ndiyo inayoleta wasiwasi ofisini. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi, ibara ya 3, unamkataza mkimbizi kufanya vitendo vya kuvuruga nchi yoyote mwanachama. Sheria za nchi iliyotupokea nazo hazitaki siasa kambini. Ni haki yao, na sisi tuliokimbia risasi hatuna hamu ya kuzileta hapa. Lakini mtu akisimama mbele ya vijana thelathini na kuandika ubaoni neno “Rais”, anayepita njiani atajuaje kama ni somo au ni mkutano wa chama?

Waliojitokeza kufundisha walikuwa wa aina mbalimbali. Wapo waliokuwa makatibu wa komine, waliojua kuandika cheti cha kuzaliwa na kupokea ushuru wa soko lakini hawakuwahi kuisoma katiba. Wapo makatekista wenye sauti nzuri na subira. Mmoja aliyeletwa kwetu alikuwa hodari kweli wa kusema, tena Kifaransa chake kilikuwa safi, ila kila somo lilimrudisha kwenye chama chake. Akianza na mahakama, anamalizia na chama. Akianza na bajeti, anamalizia na chama. Wazee wakamshukuru, wakamwambia apumzike. Hatukuwa na haja ya mtu asiye na maoni, kwani mtu wa namna hiyo hayupo katika Burundi. Tulimhitaji mtu anayeweza kuyaacha maoni yake mlangoni pamoja na viatu.

Waliofaa tuliwajua kwa swali moja, na swali hilo limekuwa desturi ya kumpima mwalimu wa somo hili hadi sasa. Katiba ya tarehe 13 Machi 1992 ilisema kwamba rais akifa, anayeshika madaraka kwa muda ni kiongozi wa Bunge. Usiku wa tarehe 21 Oktoba 1993 aliuawa rais, akauawa pia kiongozi wa Bunge, Pontien Karibwami, na naibu wake, Gilles Bimazubute. Je, asubuhi yake nani alikuwa na haki ya kutawala, na kwa ibara ipi?

Mwenye chama hujibu upesi kwa kutaja adui. Mwalimu huchukua chaki. Anaeleza kwamba wauaji waliibomoa ngazi yenyewe, si mtu mmoja aliye juu yake; kwamba Waziri Mkuu, Bi. Sylvie Kinigi, na mawaziri walionusurika ndio waliobaki kushikilia serikali. Kwamba Bunge lilibadili katiba ili wabunge wamchague rais wenyewe, na mwezi Januari 1994 wakamchagua Cyprien Ntaryamira, ambaye naye alikufa katika ndege tarehe 6 Aprili mwaka huohuo. Kijana anayeisikia habari hiyo kwa utaratibu huo anafahamu kwa mara ya kwanza kwamba yeye yuko kambini kwa sababu, miongoni mwa mengine, kulitokea pengo katika karatasi, na watu wenye bunduki walilijua pengo hilo kabla ya wananchi. Tumeona darasa zima likinyamaza hapo. Tunaamini somo hili ni la lazima kwa vijana wetu kuliko fizikia, na mwenye kupinga atuandikie toleo lijalo.

Mazungumzo ya Arusha yalipoanza mwaka 1998, redio ikawa mwalimu msaidizi. Watu walichanga betri. Redio Kwizera ya Ngara ilisikika, na matangazo ya BBC kwa Kirundi na Kinyarwanda pia. Mpatanishi alikuwa Julius Nyerere, mtu aliyepewa jina la Mwalimu kwa kuwa alifundisha kweli darasani kabla ya siasa. Alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, Nelson Mandela akaipokea kazi. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Nakala zilipofika kambini, kwa mara ya kwanza tulikuwa na kitabu cha somo. Protokali ya pili ilieleza serikali itakavyokuwa, ya nne ikawataja wakimbizi na ardhi. Vijana wa Rumonge waliikimbilia ya nne, kwa sababu kila mmoja alijua mashamba ya michikichi ya babu yake yana mwenyeji mwingine tangu 1972.

Katiba ya 2005 ilifuata, na wengi tukarejea. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012. Waliosoma Tanzania walikuta madarasa ya Rumonge na Nyanza-Lac ni ya Kifaransa, na waliojua vizuri kazi ya bunge kwa Kiswahili wakaonekana wajinga. Habari ya mashamba na tume ya ardhi ya 2006 ni ndefu, tunaiacha.

Mwaka 2015 tukarudi njia ileile. Kati yetu wapo waliokimbia 1972, 1993 na 2015. Wengi wa mwambao walishuka hadi Kagunga, wakalala ufukweni penye kipindupindu, wakachukuliwa na meli ya Liemba mpaka Kigoma. Vijana walikuja na madaftari, na suala la mwalimu likaanza upya, safari hii kwa namna nyingine: waliokuwa wakifundisha kambini zamani walikuwapo, lakini nchi ilikuwa imebadilika chini ya chaki zao. Kura ya maoni ya tarehe 17 Mei 2018 ilifanya muhula wa rais kuwa miaka saba badala ya mitano, ikarudisha waziri mkuu, na makamu wawili wakawa mmoja. Rumonge yenyewe ilifanywa mkoa wa kumi na nane mwaka 2015. Tangu 2025 nchi ina mikoa mitano tu, na Rumonge imekuwa komine katika mkoa wa Burunga. Mwalimu anayefundisha kwa daftari la 2005 anamwangusha mwanafunzi bila kujua.

Kwa hiyo sasa tunawaweka wawili pamoja: mzee anayeikumbuka 1993, na kijana aliyekatizwa chuo kikuu Bujumbura mwaka 2015. Mzee anasimulia, kijana anataja ibara. Wanabishana mbele ya darasa, na wanafunzi wanapenda. Ratiba na orodha ya masomo hupelekwa kwa Mkuu wa Kambi kabla ya muhula, na mlango wa darasa uko wazi; mfanyakazi yeyote wa shirika anaweza kuingia akakaa nyuma. Masomo ya ziada ni Jumanne na Ijumaa baada ya mgao, chini ya mwembe wa shule. Katiba ya 2018 tunayo nakala mbili. Ya Mkataba wa Arusha tunayo moja ya Kifaransa, na kurasa za protokali ya nne zimechakaa hazisomeki. Mwenye nakala nzima aikabidhi kwa katibu wa kamati, itanakiliwa kwa mkono na kurudishwa.