Mfupa wa koo la samaki

Wadau, juzi jioni nilikuwa Tangini, hapa Kibaha, nikila ugali kwa perege wa kukaanga. Nilipofika kichwani (sehemu ambayo wengi wenu mnamwachia paka) nikakuta kooni kifupa cha pembetatu chenye meno. Ndiyo, meno kooni! Perege, sato na furu wote wanayo. Taya la mdomoni linakamata, la kooni linasaga.

Kifupa hicho kimewagombanisha wasomi kweli. Mwaka 1920 Charles Tate Regan, bingwa wa samaki pale London, alichunguza mahali ambapo mifupa ya juu ya koo inaegemea fuvu. Kiegemeo kikiwa cha mfupa mmoja wa fuvu, samaki aliwekwa upande wa perege. Kikiwa na zaidi ya mmoja, upande wa furu. Koo likawa cheti cha kuzaliwa!

Humphry Greenwood, aliyefanya utafiti Jinja, Uganda, miaka ya 1950, ndiye aliyetia shaka. Mwaka 1965 aliandika kuhusu samaki wa Ziwa Victoria anayevunja konokono, mwenye mfupa mnene wa koo na meno bapa. Akikulia ndani ya tangi bila konokono, mfupa unabaki mwembamba. Samaki ni yuleyule, ila ungeapa ni wawili tofauti. Mwaka 1978 akaonyesha kuwa hata kile kiegemeo cha Regan hakitoshi kuamua ukoo.

Hakuacha mifupa, lakini. Mwaka 1979 na 1980 aliwagawa furu katika makundi mengi kwa mafuvu na meno, akiona kwamba wa Victoria wametoka koo kadhaa. Mwaka 1990 Axel Meyer na wenzake wakapima DNA: furu wa Victoria walifanana mno wao kwa wao, na wa Ziwa Nyasa wakawa mbali. Midomo inayofanana ilitokana na kazi zinazofanana, si babu mmoja.

Wengine humcheka Greenwood kwa hilo. Mimi siwezi. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na katika miaka ya 1980 furu wa aina nyingi wakatoweka, wengine kabla hawajapewa hata jina. Waliopewa, wengi tunawajua kwa sababu yeye alikaa Jinja akihesabu meno yao.