Kiroba, Chupa na Sheria

Mwezi Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Machi pombe kali ya kwenye vifuko, ile tuliyozoea kuiita viroba, haitatengenezwa wala kuuzwa tena nchini. Jumapili iliyofuata jambo hilo lilitajwa kwenye matangazo ya usharika wetu, na kina mama wakapiga vigelegele. Hatukuwazuia. Baadhi yao walikuwa wameshaokota vifuko hivyo ndani ya kaptula za shule walipokuwa wakifua nguo za watoto wao.

Kiroba kiliingia kwenye soksi, kiliingia katikati ya daftari. Kwa shilingi 500 hivi kijana alipata pombe kali bila kuonekana baa. Maandishi ya kukataza kumuuzia mwenye umri chini ya miaka 18 yalikuwapo, lakini madogo mno, na mwenye kioski hakuwa na haja ya kuyasoma. Serikali haikukipiga marufuku kinywaji chenyewe. Kanuni zilitungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na waziri aliyezisimamia, January Makamba, alikuwa na dhamana ya mazingira. Kilichokatazwa ni kifuko. Pombe ileile iliruhusiwa kuendelea ndani ya chupa.

Wapo washarika waliotuuliza kwa nini sheria iingilie mlango wa pembeni namna hiyo. Jibu linatutaka turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels kupatana juu ya kukomesha biashara ya watumwa yaliweka pia vifungu kuhusu pombe kali katika Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Mahali ambapo pombe hiyo ilikuwa haijafika, isiingizwe. Mahali ilipokwisha kufika, itozwe ushuru usiopungua faranga 15 kwa kila lita 100. Wamisionari walikuwa miongoni mwa waliopiga kelele kudai hatua hiyo, maana meli kutoka Hamburg na bandari nyingine za Ulaya zilikuwa zikishusha pombe ya bei rahisi kwenye pwani ya Afrika Magharibi. Katika hilo kanisa lilisema kweli, nasi tunaona fahari.

Lakini tusome mpaka mwisho. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ulikaza masharti yale, na Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika iliagizwa kuidhibiti biashara ya pombe kali. Huku kwetu udhibiti huo ulifuata rangi ya ngozi. Mzungu alikunywa wiski yake klabuni jioni bila hofu. Mwafrika aliyekutwa na glasi ya wiski hiyohiyo alikuwa mhalifu. Aliyeachiwa pombe ya kienyeji aliinywa mjini kwenye vilabu vyenye leseni, na ada za vilabu hivyo zikaingia katika mapato ya mji. Mkono mmoja ulizuia, mwingine ulikusanya.

Tunadhani hapa ndipo tulipoumizwa. Katazo lililosema linamlinda Mwafrika lilimfundisha kwamba chupa ni ya wakubwa. Katazo lilipoondolewa, uhuru ukikaribia, kunywa bia ya kiwandani hadharani kukawa njia ya kuonyesha kwamba wewe nawe ni mtu. Hata leo kwenye harusi zetu kreti mezani huhesabiwa kuwa heshima, na baba wa bibi harusi anayeweka soda tupu huonekana bahili. Hayo hayakuanza na sisi.

Serikali huru nayo ilirithi kazi hiyo. Gongo, ambayo sheria huiita moshi, ilitungiwa sheria yake mwaka 1966. Mwaka 1968 ikafuata sheria ya vileo, yenye leseni na saa za kuuza. Mjane anayepika gongo bondeni hana leseni. Wenzetu wa Kenya walichukua njia nyingine mwaka 2010: chang'aa iliruhusiwa, ila iwe ndani ya chupa na iwe na onyo.

Sisi Walutheri hatuna urithi wa kukataza moja kwa moja. Machi 1522 Luther alihubiri Wittenberg kwamba kitu kutumiwa vibaya si sababu ya kukitupilia mbali, akitaja divai. Mkewe Katharina alitengeneza bia nyumbani kwao. Ila mwaka 1539 mhubiri huyohuyo aliwakemea Wajerumani wenzake vikali kwa ulevi. Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 waliikuta mbege katika posa na katika upatanisho wa koo, na ubishi juu yake haujaisha majumbani mwetu.

Kuhusu tumbaku tuna sheria ya mwaka 2003, na pakiti zina onyo. Lakini dukani kwa jirani sigara huuzwa mojamoja. Kijana hupewa sigara na moto. Pakiti hubaki kwenye rafu, na onyo lake limemwelekea muuzaji.

Miaka miwili baada ya viroba kuondoka, mama mmoja anayeishi kwa kupika gongo alikuja ofisi ya usharika kumwandikisha mwanawe kipaimara. Alileta pia bahasha ya ahadi. Baraza la wazee lilijadili kwa muda mrefu kama fedha ile ipokelewe, na wengi walielekea kukataa. Ndipo mzee mmoja mwenye duka akasimama, akasema, "Wapendwa, mimi niliuza viroba kwa leseni mpaka siku ya mwisho ya Februari. Hakuna aliyeniuliza sadaka yangu imetoka wapi."

Tulikaa kimya, sisi wachungaji pamoja nao. Mtoto alipata kipaimara mwezi wa Desemba. Mama yake bado anapika, na bahasha yake tunaipokea.