Kodi: Nani Anatoza, Nani Anaamua?

Leo tutazungumza juu ya kodi. Sikilizeni vizuri, kisha msome maneno haya pole pole pamoja na mwalimu wenu.

Ninyi mnaokaa Kunduchi mnayajua makaburi ya kale yaliyo karibu na magofu ya msikiti. Nguzo za makaburi hayo zilipambwa kwa bakuli za kaure kutoka Uchina. Bakuli hizo zililetwa na biashara ya baharini, na penye biashara hapakosi ushuru. Katika karne ya 19 pwani hii ya Mrima ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Sultani hakukusanya ushuru wa forodha mwenyewe. Alimkodisha tajiri kazi hiyo. Tajiri alimlipa Sultani fedha walizopatana kwa mwaka, na zilizozidi zikawa faida yake.

Kisha wakaja Wajerumani. Mwaka 1897 walitoa amri ya kodi ya nyumba, ikaanza kutozwa mwaka 1898. Huko vijijini kila nyumba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Asiyekuwa na fedha aliweza kutakiwa kulipa kwa mazao au kwa kazi. Angalieni shabaha yake. Serikali ilitaka fedha, lakini pia ilitaka watu waende kufanya kazi ya mshahara katika mashamba ya Wazungu. Maakida na majumbe walikusanya kodi hiyo. Mwananchi hakuulizwa neno. Uchungu wa kodi, pamoja na kulimishwa pamba kwa nguvu, ulisaidia kuwasha Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907.

Waingereza nao waliweka sheria ya kodi ya nyumba na kodi ya kichwa mwaka 1922. Sasa hata mwanamume asiye na nyumba alidaiwa. Baadaye, huko kaskazini katika milima ya Upare, iliwekwa kodi iliyoitwa mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Januari 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kuipinga. Je, walikataa kodi zote? La. Walikataa mali yao kukisiwa na watu wengine, kwa kipimo wasichokijua. Mwishowe mbiru iliondolewa.

Tulipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Kodi haikwisha, kwa maana shule, barabara na zahanati hazijengwi kwa maneno matupu. Mamlaka ya Mapato Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1996. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza tarehe 1 Julai 1998. Kodi ya maendeleo, iliyodaiwa kwa kila kichwa, ilifutwa mwaka 2003.

Basi, tofauti kubwa ni ipi? Ibara ya 138 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema kwamba kodi haitozwi ila kwa kufuata sheria iliyotungwa na Bunge. Kwa hiyo mvuvi au mama muuza samaki akidaiwa fedha, ana haki ya kuuliza, "Kwa sheria gani?" Tena ana haki ya kupewa stakabadhi.

Lakini haki hiyo yataka macho yanayosoma. Asiyejua kusoma hupewa karatasi akaikunja, asijue kama kilichoandikwa ni sawa na alicholipa. Ninyi someni: tarehe, kiasi cha fedha, na fedha ni za nini. Kiasi kikipungua, fedha iliyobaki haikufika katika hazina ya umma.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini Wajerumani walitaka kodi ilipwe?
2. Wapare walikataa nini hasa?
3. Leteni stakabadhi moja, muisome pamoja. Inaeleza nini?