Majalada ya Kijani na ya Manjano

Mwaka 1847 msomaji wa London aliyependa riwaya hakuhitaji kuchagua moja. Kila mwezi alilipa shilingi moja akapata kurasa 32 za Dombey and Son ya Charles Dickens, zenye jalada la kijani. Akitoa shilingi ya pili, alipata Vanity Fair ya William Thackeray, jalada la manjano. Hadithi zote mbili zilikatizwa njiani, naye akakaa mwezi mzima na watu wa nyumba mbili kichwani.

Dickens mwenyewe ndiye aliyewazoesha wasomaji kufuata hadithi mbili kwa wakati mmoja. Februari 1837, The Pickwick Papers ikiwa bado inaendelea, alianza kutoa Oliver Twist katika jarida: mkono mmoja kichekesho, mwingine kilio cha yatima.

Miongoni mwa wasomaji wa Thackeray alikuwamo Charlotte Brontë, binti wa kasisi kijijini Haworth. Riwaya yake ya kwanza ilikuwa imekataliwa na wachapishaji. Riwaya yake iliyofuata, Jane Eyre, ilipotoka Oktoba 1847, ilikuwa juzuu tatu kwa mpigo, si vipande. Toleo la pili alimtunukia Thackeray, wakati Becky Sharp, mhusika mkuu wa Vanity Fair, alikuwa bado hajamaliza vituko vyake. Vanity Fair ilikwisha Julai 1848.

Heshima hiyo ilizua balaa. Mke wa Thackeray alikuwa mgonjwa wa akili, kama mke wa Rochester, mwajiri wa Jane Eyre riwayani, jambo ambalo Charlotte hakulijua. Walimwengu wakanong'ona kwamba mwandishi wa Jane Eyre alikuwa mwalimu wa watoto nyumbani kwa Thackeray.