Ruhusa za mtandao katika Linux

Ruhusa za mtandao katika Linux ni kanuni zinazoamua mtumiaji yupi wa kompyuta anaweza kuunganisha, kubadili au kukata mtandao. Kwenye kompyuta nyingi za mezani kazi hiyo hufanywa na NetworkManager, programu iliyoanzishwa na Red Hat mwaka 2004, ikishirikiana na polkit, ambayo huamua nani aruhusiwe moja kwa moja na nani adaiwe nywila ya msimamizi.

Tatizo hujitokeza hasa pale kompyuta moja inapotumiwa na wengi. Katika mji kama Itigi, mkoani Singida, kompyuta ya shule au ya steshenari ikiunganishwa na modemu mpya, mtumiaji wa kawaida anaweza kuambiwa hana ruhusa, na msimamizi yuko Manyoni. Kumpa kila mtu mamlaka ya root, yaani ya msimamizi mkuu wa mfumo, ni tiba mbaya kuliko ugonjwa.

Uchunguzi uanze na amri nmcli general permissions, inayoonyesha kila kitendo na jibu lake. Jibu la auth humaanisha nywila itahitajika. Kisha yakaguliwe mafaili yaliyomo katika /etc/NetworkManager/system-connections. Lazima yamilikiwe na root na yawe na ruhusa 600, yaani mmiliki pekee ayasome na kuyaandika, kwa kuwa hubeba nywila za Wi-Fi. Faili lililonakiliwa kwa flashi mara nyingi hupoteza sifa hizo, na NetworkManager hulikataa. Sababu husomeka kwa journalctl -u NetworkManager.

Faili likiwa sawa, ikumbukwe pia kuwa muunganisho uliowekewa mtumiaji mmoja hauwafai wengine hadi msimamizi aufungulie wote.